Zebra imefutika mbele ya shule, watoto wanavuka kwa kukisia. Mpaka afe nani?

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Mbele ya shule anayosoma binti yangu kuna zebra. Niseme kulikuwa na zebra. Leo asubuhi nimesimama nikaihesabu: mistari inayoonekana imebaki miwili, ya pembeni kabisa karibu na mtaro, ambako tairi hazifiki. Katikati, tairi zinapopita mchana na usiku, rangi imelika mpaka lami imebaki tupu. Kipande kingine kilichimbwa kupitisha bomba la maji. Wakafukia, wakamwaga lami mpya, wakakusanya koleo zao wakaondoka. Rangi hawakurudisha, na sasa ni miezi.

Binti yangu ana miaka saba. Nimemfundisha mimi mwenyewe: vuka penye mistari, pengine usivuke. Leo kafika ukingoni, kaangalia chini, kaangalia tena, akaniuliza, "Baba, mistari yetu iko wapi?" Kabla sijamjibu, gari likapita mbele yetu bila hata kupunguza mwendo. Na yule dereva siwezi kumlaumu sana. Angejuaje? Kwake pale ni barabara tu kama kwingine.

Hapo ndipo panaponiuma. Zebra iliyofutika nusu naiona ni hatari kuliko pasipokuwa na zebra kabisa. Anayetembea kwa miguu anaikumbuka, miguu imeshazoea kwamba hapa nina haki ya kupita, anaingia. Dereva haoni kitu. Na akigongwa mtu, utasikia watu wanabishana kama pale palikuwa kivuko au hapakuwa.

Nimeshaandika barua tatu. Ofisini nikaambiwa kuna mashimo ya kuziba kwanza, rangi ni mambo ya kupendezesha barabara. Kupendezesha! Hivi wanajua ile mistari ilitoka wapi? Uingereza walianza na vivuko vyenye nguzo pembeni mwaka 1934, na barabarani vilitambulishwa kwa vichwa vya chuma vilivyopigiliwa kwenye lami. Madereva wakawa hawavioni vizuri. Ndipo mwaka 1951 mistari minene nyeusi na nyeupe ikaingizwa kwenye kanuni. Yaani zebra ilizaliwa ili ionekane kwa mbali. Isipoonekana, haina kazi nyingine yoyote pale.

Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akichelewa sekunde moja tu kugundua kuna kivuko, mita 14 zimeshakwenda na mguu bado haujagusa breki. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu milioni moja hufa barabarani kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, wapanda baiskeli na wa pikipiki. Hao ndio wasio na bati la kuwakinga.

Halafu usiku. Nimepita pale saa mbili usiku mvua ikinyesha, hata ile miwili ya pembeni sikuiona. Rangi ya barabarani si kama ya ukutani. Ikiwa bado mbichi hunyunyiziwa chembe ndogo za kioo, zinazama kiasi na sehemu inabaki juu. Taa za gari zikizipiga, zinaurudisha mwanga kwa dereva mwenyewe, ndiyo maana mstari mzuri unang'aa gizani. Chembe zikishang'oka, mstari unaweza kuwa mweupe saa sita mchana na ukapotea kabisa usiku. Maji ya mvua yakitanda juu yake, mwanga unatawanyika na harudishiwi dereva chochote. Kwa hiyo ninyi mnaokuja kukagua jua likiwa utosini, mnakagua nini? Njooni usiku. Njooni na mvua.

Marekani mwaka 2022 waliweka kwenye kanuni kiwango cha chini cha mwanga ambao mistari ya kugawa njia kwenye barabara zenye kikomo cha mwendo cha kama kilomita 56 kwa saa au zaidi lazima irudishe usiku. Kinapimika, kuna kifaa chake. Sioni kwa nini kivuko cha shule kikadiriwe kwa macho ya mtu aliyekaa ndani ya gari la ofisi.

Wala siombi makubwa. Penye magari mengi ipakwe ile rangi nzito inayoyeyushwa kwa moto, ambayo inadumu, badala ya kupitisha brashi ya rangi nyepesi inayochujuka mapema. Kivuko cha shule kipakwe kabla shule hazijafunguliwa. Na anayechimba barabara asilipwe mpaka mistari aliyoikata iwe imerudi.

Humu najua kuna wahandisi na watu wa ujenzi wa barabara, naomba mnijibu hili moja. Mkandarasi akikata kivuko, akafukia bila kurudisha rangi, ni nani anayetia saini kwamba kazi imekamilika? Sitaki jina lake. Nitajieni cheo chake, barua ya nne niipeleke mezani kwake.