Nyumba inapigwa mnada, benki wamekubali tukae na msuluhishi. Niende au niweke zuio?

Kibada Mpya: Wakuu habari za jioni. Nina mkopo wa milioni 45, dhamana ni nyumba ninayoishi, Kigamboni. Duka limeyumba, marejesho yamelala. Notisi ya siku 60 imeisha, dalali kashabandika tangazo getini. Nimeomba usuluhishi, benki wamekubali. Kuna mtu ananiambia nikienda nimekiri deni, bora nikimbilie mahakamani. Sili, silali.

Mzee wa Mbozi: Vijana mnakopea mbwembwe. Mimi nilinunua mashine ya kukoboa kahawa, mpaka leo inanilisha na imesomesha.

Mama Tausi: Nenda mwanangu. Mdogo wangu alikwenda na daftari lake la mauzo, wakamwongezea muda na riba ya adhabu wakaifuta. Mnayoongea kwa msuluhishi hayawi ushahidi kesi ikiendelea. Ila usiende mikono mitupu. Na mkeo anasemaje?

Kibada Mpya: Mke tumwache kwanza, mama.

Wakili wa Mtaa: Hatumwachi. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi kinataka ridhaa ya mwenza nyumba ya familia ikiwekwa rehani. Alisaini?

Kibada Mpya: Hakusaini. Niliapa sina mke. Lakini afisa mikopo alijua fika, keshakula pilau la huyo mke hapa kwangu! Wakati ule tumenuniana, yuko kwao Korogwe, ningefanyaje? Sasa nataka yeye ndiye afungue kesi, aseme hajui kitu. Wakili nimeshamlipa nusu.

Wakili wa Mtaa: Kudanganya kuhusu mwenza ni kosa la jinai, kifungu hichohicho. Mkeo anaweza kuokoa nyumba, wewe ukaingia ndani.

Chura wa Jangwani: Hii chai. Benki gani inabandika tangazo halafu inakubali kukaa? Na juzi huyuhuyu alikuwa jukwaa la magari anauliza bei ya Harrier.

Mzee wa Mbozi: Na sukari imezidi.

Wakili wa Mtaa: Hilo la benki linawezekana. Kesi ya zuio inavuta miaka, pesa yao imelala. Na wakiuza chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, wao ndio wanabanwa waeleze kwa nini.

Kibada Mpya: Harrier NAIUZA, sinunui! Nataka cha kuanzia mezani. Mtu achekelee nyumba yenye watoto ndani?

Mama Tausi: Basi mpigie mkeo leo, akae mezani na wewe, na ukweli wa kile kiapo ausikie kwako. Benki wasimamishe mnada kwa maandishi, wamwandikie na dalali. Ya mdomo hayamzuii.

Kibada Mpya: Simu yangu hapokei. Ngoja nipitie kwa shemeji.

Chura wa Jangwani: Harrier ya mwaka gani? Kama ipo kweli, njoo PM.