Kaunti zote 47 zimekuwa Nairobi! Hiki chombo kinatuonaje?

#1 (mleta uzi)
Wasee, ni programu ya kuchakata data, jina silitaji, kila anayefanya kazi hiyo mji huu anakijua. Unakipa faili ya kaunti zilizopangwa kwa namba, 001 Mombasa hadi 047 Nairobi. Unasoma mstari mmoja mmoja, kila rekodi unaitia kwenye orodha. Fungua hiyo orodha sasa: Nairobi. Nairobi. Nairobi. Mara 47! Mombasa hakuna, Turkana hakuna, Wajir imefutwa kwenye ramani. Katiba ya 2010 ilitupa kaunti 47, hiki kimezifanya moja bila hata kura ya maoni!

Na kiko kimya! Hakuna onyo, hakuna kosa. Ukihesabu mistari unapata 47, sawa kabisa.

Sababu ni ubahili wa memori tu. Hakiundi rekodi mpya kwa kila mstari. Kinaunda moja na kuandika juu yake, kama kibanda kinachopakulia wateja wote kwenye sahani moja na wa kwanza bado anakula. Ulichotia kwenye orodha si rekodi yenyewe, ni anwani ya mahali ilipo kwenye memori, na anwani zote 47 zinaelekea pale pale. NAIROBI!

Kujumlisha mstari kwa mstari kunatoa jibu sahihi, kwa kuwa kila namba inachukuliwa kabla haijaandikwa juu, ndiyo maana majaribio yanapita. Lakini shika rekodi yenye kiwango cha juu uone: inajilinganisha na nafsi yake, mwishowe unapewa ya mwisho. Toa ya sasa kwa iliyotangulia, jibu ni 0 daima. Huu ni ushenzi.

#2
Boss, punguza presha. Mwongozo umesema: nakili rekodi kabla ya kuihifadhi. Ukiunda rekodi mpya mara bilioni moja, kisafisha memori (kinachoondoa rekodi zisizotumika tena) kitamaliza muda wote wa prosesa. RAM utanunua wewe?

#3
#2, unanakili vipi? Nakala ya juujuu haisaidii, safu ya maandishi ndani yake bado inaelekea kwenye bafa ile ile, yaani eneo lile lile la memori la kuwekea data kwa muda. Nakili hadi ndani. Na bafa yenyewe haipunguzwi: Taita Taveta ni baiti 12, ikifuatwa na Kwale yenye 5, halafu usome bafa nzima bila kukomea kwenye urefu uliowekwa, unapata "Kwale Taveta". Nani atashtuka akiona hiyo kwenye ripoti?

#4
Kwale Taveta 😂😂 gavana wake ni nani?

#5
Mleta uzi, soma mwongozo kwanza kabla ya kupiga kelele. Dalili iko wazi: orodha ya rekodi milioni moja inakula megabaiti 8 hivi, yaani baiti 8 za kila anwani basi. Hesabu anwani tofauti zilizomo. Ukipata 1, umeshikwa.

#1
Mwongozo gani! Salama ndiyo iwe chaguo-msingi, anayetaka kubana memori aombe mwenyewe. Nairobi mara 47, wasee. MARA 47!

#6
Hiyo ni ndogo. Kuna chombo kile kingine, safu wima ya namba kamili kwenye jedwali ikiwa na pengo moja tu, yote inageuzwa desimali. 47 inakuwa 47.0. Ukiigeuza maandishi ili uunganishe majedwali, "47" na "47.0" hazijuani, unabaki na jedwali tupu.

#7
Na wale wanaobana namba ziwe za biti 8, ambazo mwisho wake ni 127? 127 ongeza 1, unapata -128. Kimya vilevile.

#8
Nyinyi bado hamjaona namba za simu kwenye desimali za biti 32, ambazo hazina nafasi ya tarakimu zote. Zile za kuanzia 254, tarakimu 12, zinaruka kwa hatua za 16,384. Watu maelfu wanaangukia namba moja, ujumbe wa deni unamfikia mtu ambaye hajawahi kukopa.

#9
Namba ya simu ni maandishi, ndugu yangu. Nani huijumlisha?

#10
Hata ikiwa maandishi, fungua CSV (faili ya maandishi yenye data iliyotenganishwa kwa koma) kwenye lahajedwali uone ile sifuri ya 07 inavyoliwa.

#9
Usiifungue kwa kubofya mara mbili. Iingize kupitia menyu ya data, chagua aina ya safu iwe maandishi, ndipo upakie.

#11
Na ukiihifadhi tena je?