Tupeane uzoefu: ukungu na unyevu kwenye nyumba za mawe

Mkaazi wa Malindi
Wadau, masika ndiyo hayo. Sisi wa Mji Mkongwe, Unguja, nguo zishaanza kunuka uvundo kabatini. Mwenye nyumba alipiga lipu ya saruji ukuta wa chini ili maji yasipande, lakini sasa madoa yamehamia juu ya lipu na rangi inabanduka. Nyinyi mmefanyaje?

Fundi Chokaa
Hiyo saruji ndiyo adui. Jiwe la matumbawe hunyonya maji ya ardhini, na chokaa huyaachia yatoke taratibu. Ukiziba kwa saruji, maji hupanda mpaka yapate pa kutokea, ndiyo maana doa limekaa pale lipu ilipoishia. Nyumba moja ya Mkunazini tuliibandua yote, tukauacha ukuta wazi kiangazi kizima, kisha tukapiga chokaa na mchanga. Ule unga mweupe unaotokea ukutani ni chumvi: usugue kwa brashi kavu, usiuoshe, maji yanairudisha ndani. Na rangi ya mafuta usiisogeze kabisa, paka chokaa.

Bibi wa Shangani
Mwanangu, tazama na juu. Kwetu mfereji wa bati uliziba majani, maji yakaingia ukutani pale boriti zinapolalia. Fundi alidunga ncha ya boriti kwa bisibisi, ikazama kama kwenye muhogo uliochemshwa. Boriti ya mkoko ikikaa kavu inakuzika wewe na wajukuu zako. Ikirowa, haina muda. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale hapa Mji Mkongwe, iporomoke Desemba 2020, mimi mfereji unasafishwa kabla ya kila masika na kila vuli.

Mama Pumu, Lamu
Bibi, shikamoo. Mimi nina mtoto wa pumu, kwa hiyo ukungu siufagii ukiwa mkavu, vumbi lake linaruka. Nalowesha kitambaa kwa siki, nafuta, nakitupa. Tafadhalini, siki na jiki msichanganye, inatoka hewa ya sumu! Kabati nimelisogeza shubiri moja kutoka ukutani, na nguo mbichi hazianikwi ndani.

Mkaazi wa Malindi
Bibi, ahsante, ushauri nimeupokea. Mwenye nyumba amekubali tubandue upande wa choo kwanza. Fundi, nianze sasa au ningoje mvua zikatike?

Fundi Chokaa
Saruji bandua sasa. Chokaa mpya ngoja ukuta ukauke.