Sensa ya joto ya nje inasoma 39 na huku tumevaa masweta, ni chumvi ya bahari au nini?

kijana_wa_sahare
Wakuu habari za humu. Naombeni msaada, niko Tanga mjini huku Sahare, na nikisema sensa sio ile ya watu na makazi, nasema kile kidude cha kupimia joto. Shemeji yangu alikuja likizo Desemba akaniletea kontrola ya AC na feni, inakuja na sensa yake ya kufunga nje ukutani. Kazi yake ni kwamba nje kukishuka chini ya 26 inazima AC yenyewe na kuwasha feni ya kuvuta hewa ya nje, maana nina vyumba vitatu vya wageni na mgeni hazimi AC hata kama amejifunika blanketi mpaka kichwani, yuniti za LUKU zinakwenda kama maji. Kitabu kimesema funga ukuta wa kaskazini, mita 2 kutoka chini, nikafunga hivyo hivyo kwa mkono wangu. Desemba mpaka Februari safi kabisa. Kuanzia kama mwezi wa nne ikaanza vituko, na sasa Julai ndo balaa, kusi linavuma, kipimajoto cha zebaki cha bibi kule barazani kinasema 27 afu hii kitu inasema 39. Kinachonichanganya zaidi, inapanda saa tatu asubuhi, saa sita saba inashuka yenyewe mpaka 31, saa tisa inapanda tena. Usiku kwenye saa tano hivi ndo inakubaliana na ya bibi. Jirani anasema chumvi imeshakula, ninunue nyingine. Ni kweli?

pweza_mkavu
Chumvi hiyo mkuu. Mi niko Raskazone, feni ya dirishani haikumaliza miaka miwili, skrubu zote zimebaki unga. Tupa hiyo.

fundi_friji_ngamiani
Asitupe kitu bado. Kama ni ya waya mbili nyingi zake ni thamista, kidude ambacho ukinzani wake wa umeme unabadilika na joto, ya kilo-omu 10 (kipimo cha ukinzani), yaani kwenye nyuzi 25 inasoma kilo-omu 10, joto likipanda namba inashuka, baridi ikizidi namba inapanda. Sa sikiliza, jointi ikila kutu inaongeza ukinzani, kontrola itadhani nje kuna BARIDI, sio joto. Maji yakiingia kwenye jointi ndo umeme unapita njia ya mkato na inasoma joto la uongo, lakini hiyo ingekusumbua zaidi usiku kwenye umande na siku za mvua, isingesubiri saa tatu asubuhi kama mtu wa ofisini.

Fanya hivi, chomoa waya kwenye kontrola, jaza kikombe barafu iliyopondwa na maji kidogo tu, tumbukiza kichwa cha sensa, koroga, subiri dakika tano, afu pima ukinzani kwenye ncha za waya kwa mita ya fundi umeme. Barafu ni nyuzi 0, kwa hiyo ikitoka kilo-omu 32 au 33 sensa ni nzima. Na uniambie pia waya wake umepita wapi, kama umeubananisha na waya wa umeme wa AC kwenye paipu moja hapo napo kuna neno.

kijana_wa_sahare
Nimefanya sasa hivi, imetoka 32.6. Waya una paipu yake. Ila jointi nimeikuta nimezungushia tepu nyeusi tu na shaba imeshaanza ukijani.

wa_chumbageni_ughaibuni
Mi ni mtoto wa Chumbageni ila niko Ujerumani mwaka wa tisa, nafanya kazi za mabomba ya hita. Mdogo wangu hicho kitabu hakikuandikwa kwa ajili yako. Huku sensa ya nje ni ya boila, nje kukiwa baridi zaidi boila inapeleka maji ya moto zaidi kwenye hita za ukutani, ubaridi ukipungua inapunguza, kwa hiyo lazima isome hewa na sio jua. Na huku jua siku zote linapita upande wa kusini, ukuta wa kaskazini haulioni isipokuwa kidogo alfajiri na jioni kiangazi. Ndo maana wanasema kaskazini, wala hawaelezi kwa nini.

Tanga mko nyuzi 5 kusini ya ikweta. Jua linawapita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Ulipofunga Desemba jua lilikuwa kusini, ukuta wako uko kivulini kutwa nzima. Baada ya Machi limehamia kaskazini.

fundi_friji_ngamiani
HAPO! Na ile ya kushuka saa sita ni upenu. Mchana jua liko juu, upenu unakinga, asubuhi na jioni linaingia chini ya bati linaipiga sensa usoni. Toka nje saa kumi kasoro uangalie kwa macho.

kijana_wa_sahare
Aisee nimetoka kuangalia, jua limeilalia yote, kivuli cha upenu kinaishia kama shibiri moja juu yake. Ukuta ukiushika ni moto kabisa. Sa nihamishie kusini?

fundi_friji_ngamiani
Ukihamishia kusini Oktoba utarudi hapa hapa. Huku kwetu usitafute upande, tafuta kivuli na upepo. Nunua visahani vyeupe vya plastiki vile vya kuwekea vyungu vya maua, sita hivi. Cha juu kiache kizima, vingine vitoboe katikati, vipange vimefunikwa kifudifudi kwenye skrubu ndefu tatu ukiacha nafasi ya vidole viwili kati ya kimoja na kingine, sensa ining'inie katikati. Ni akili ile ile ya yale masanduku meupe ya watu wa hali ya hewa. Usikipachike ukutani moja kwa moja, weka mkono wa bomba ukitoe mbele kama futi moja, bloku likishapata moto mchana linautoa mpaka usiku na ndo maana yako inapoa saa tano. Mbali na mashine ya nje ya AC, ile inatema hewa ya moto. Waya uache ujikunje kuelekea chini kabla ya kuingia ukutani ili maji ya mvua yadondokee hapo. Jointi ichomelee kwa lehemu, ipake silikoni, tepu peke yake kwa upepo wa bahari ni kujidanganya.

mama_wawili_tanga
Samahani kaka zangu mnaongea joto tu. Mimi niliwahi kuiga hiyo ya kuzima AC na kuvuta hewa ya nje usiku, masika nzima, nje 25 nikaona nimeokoa hela. Shuka zikawa na unyevu kama zimeanuliwa mbichi na kabati la nguo likaota ukungu. Hewa ya hapa usiku inapoa lakini ina maji. Kama hiyo kontrola inakubali kipimo cha unyevu kiongeze, la sivyo masika iache feni izimwe.

kijana_wa_sahare
Dada asante, hilo sikuliwaza hata kidogo, nimeangalia ina sehemu ya kuchomeka ya unyevu, nitaagiza.

Mrejesho: nimefunga visahani jana. Leo saa kumi yangu 28, ya bibi 27. Feni imewaka yenyewe saa moja na nusu usiku, juzi ilisubiri mpaka saa nne. Ila nyigu mmoja ameshaingia kukagua vyumba.

fundi_friji_ngamiani
Zungushia wavu wa dirisha. Mapema kabla hajaita ndugu.