CT ya kichwa safi, lakini mgema hajarudi sawa: niombe picha gani ya tezi ya pituitari?

Tabibu_Ganda
Salaam wakuu. Nina mgonjwa hapa Malindi, mgema wa miaka 34, alianguka mnazi miezi 5 iliyopita na kuzimia karibu saa nzima. CT (eksirei ya vipande) ya siku ile haikuonyesha damu wala ufa. Sasa anachoka kwa kazi ndogo, hamu ya tendo la ndoa imekwisha, ndevu zimepungua, sodiamu imeshuka hadi 128. TSH (homoni inayoamrisha tezi ya shingo) ni 1.9, nikaambiwa tezi hiyo iko sawa. Nataka kumpeleka Mombasa kwa MRI (picha ya sumaku) ya pituitari, ile tezi ndogo chini ya ubongo inayoamrisha tezi nyingine. Niandike nini kwenye fomu? Na ikirudi safi, niishie hapo?

MpigaPicha_Shela
Daktari, usiandike "MRI ya kichwa" tu. Ile ya kawaida hukata vipande vya milimita 5, na tezi yenyewe kimo chake ni kama milimita 8. Andika "tezi ya pituitari, jeraha la miezi 5, shaka ya upungufu wa homoni". Ziombwe T1 (aina moja ya picha za MRI) ya ubavuni na ya mbele, vipande vya mm 2 hadi 3, T2 (aina ya pili) ya mbele, kisha T1 zote mbili tena baada ya gadolinia, dawa ya kung'arisha picha (0.1 mmol kwa kilo). Kreatinini (kipimo cha figo) ipimwe kabla hajapanda matatu, asije akarudishwa.

Cha kutazamwa zaidi ni kikonyo, shina linalounganisha tezi na ubongo. Tezi imekaa ndani ya kikombe cha mfupa, ubongo ukitikisika juu yake kikonyo ndicho kinachovutwa. Kwenye T1 tafuta nukta nyeupe nyuma ya tezi: ikionekana juu, kwenye kikonyo, huenda kimekatika. Isipoonekana kabisa, usikimbilie hukumu, wapo wazima wasiokuwa nayo. Tezi iliyokufa muda mrefu husinyaa, kikombe kikajaa maji.

Homoni_Mambrui
Picha nzuri, ila damu itangulie. Sodiamu hiyo pamoja na uchovu, mimi nawaza kotisoli, homoni ya tezi za juu ya figo inayoamrishwa na pituitari. Itoe saa 2 asubuhi: chini ya 100 nmol/L ni upungufu, ikipita 450 shaka hupungua sana, katikati apimwe kwa kichocheo (dawa ya kuiamsha). Muulize kama ametumia prednisoloni au deksamethasoni, zote huishusha.

TSH hiyo isikutulize. Pituitari iliyoumia haiwezi kuipandisha hata thairoksini (homoni ya tezi ya shingo) ikipungua, kwa hiyo omba T4 huru, yaani thairoksini yenyewe. Ongeza testosteroni ya asubuhi, LH, FSH na prolaktini, homoni nyingine za pituitari. Na tafadhali, usianze thairoksini kabla ya kotisoli kujulikana. Humaliza kotisoli kidogo iliyobaki, mgonjwa akaanguka.

MRI safi haimwachilii. Mishipa midogo ya damu inayoshuka kwenye kikonyo ikiumia, seli hufa bila alama ya kuonekana. Rudia vipimo akitimiza miezi 12 tangu aanguke, wengine hupona wenyewe.

Akitapika au presha ikishuka, usingoje majibu: toa damu, mpe haidrokotisoni (kotisoli ya dawa) mg 100 mshipani pamoja na maji ya chumvi.

Tabibu_Ganda
Shukrani. Mkojo wake ni wa kawaida, basi sehemu ya nyuma ya tezi, inayozuia mkojo mwingi, ni nzima?

Homoni_Mambrui
Bado huwezi kusema. Kotisoli ikiwa chini, mkojo mwingi hujificha. Akianza haidrokotisoni, mpe mtungi apime mkojo wa saa 24: ukipita lita 3, nipigie. Sodiamu ipime kila saa 4 hadi 6 siku ya kwanza, isipande zaidi ya mmol 8 kwa lita kwa siku, maana mkojo ukifunguka ghafla sodiamu huruka, na ubongo huumia upya.