Naomba ushauri: lenzi ya zumu (inayovuta) au praimu (isiyovuta), nina hela ya moja tu

mwana_wa_ziwa:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mwanza. Jumamosi na Jumapili napiga video za harusi na sendofu, ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Katikati ya wiki naandaa filamu yangu fupi ya kwanza, dakika 12, habari ya mama muuza dagaa wa Mwaloni, soko la samaki la hapa, na mwanawe aliyerudi nyumbani bila taarifa. Nusu ya filamu ni usiku, chumba kimoja, kandili mezani.

Kamera ni Sony a6400 na lenzi iliyokuja nayo, 16-50mm f/3.5-5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaingia zaidi). Juzi nilijaribu tukio la kandili. Nikavuta hadi 50mm nipate uso wa mama, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ikapanda hadi 12800. Picha imejaa chenga, ngozi imekuwa kama majivu. Iliniuma, maana yule mama ni jirani yangu tu, hajawahi kuigiza, na siku ile alitoa machozi ya kweli.

Nimedunduliza hela ya lenzi moja. Nasita kati ya Sigma 18-50mm f/2.8 na Sigma 30mm f/1.4. Kila ninayemuuliza ananiambia praimu ndiyo sinema. Ni kweli? Na harusini nitafanyaje na lenzi isiyovuta?

fundi_taa:
Mkuu, anza na mwanga. Kutoka f/5.6 kwenda 4, 2.8, 2 hadi 1.4, kila hatua mwanga unaongezeka mara mbili. Kwa hiyo tukio lako la ISO 12800 ungelipiga kwa 3200 ukiwa na f/2.8, na kwa 800 ukiwa na f/1.4. Kwa kandili, mimi nachukua 30mm.

Halafu angalia ulipokosea juzi. Lenzi yako ikiwa 16mm inafunguka f/3.5, ukivuta hadi mwisho inabaki 5.6. Ulivuta wakati ambapo ungeweza kusogea.

dada_wa_ukumbini:
Mdogo wangu, mimi harusi ni mwaka wa tisa sasa. Pete ikivalishwa, imevalishwa, hakuna kurudia. Kuna mwaka niliingia ukumbini na praimu ya 56mm peke yake kwa sababu nilipenda inavyoyeyusha mandhari ya nyuma. Wakati wa kukabidhi zawadi, mashangazi wakajaa mbele yangu wakicheza, nyuma yangu ukuta. Nikabaki na mabega na vilemba. Mama wa bibi harusi alipomkumbatia mwanawe, sikuipata. Nilirudisha sehemu ya malipo, na hadi leo nikikutana na yule mama sokoni naona aibu.

Chukua 18-50. Ukumbini usiku hiyo f/5.6 yako inakuletea chenga zilezile, ila wateja hawajakwambia.

fremu_kwa_fremu:
Hili la "praimu ndiyo sinema" lisikusumbue. Filamu kubwa zinapigwa kwa zote mbili. Swali ni moja: nani anapanga nafasi, wewe au tukio? Harusini tukio ndilo linalopanga. Kwenye filamu yako unahamisha meza, unahamisha kitanda, unamwambia mama akae pale.

Kwa hiyo beba futi ukapime chumba. Kwenye kamera yako, ukiwa mita 2.5 kutoka kwa mtu, 18mm inaona upana wa mita 3 na ushei, 30mm karibu mita 2, 50mm kama mita 1.2. Kisha ganda kwenye 30mm siku nzima kwa lenzi uliyonayo, usiguse zumu, upige mazoezi ya filamu yote. Utajua unakwama wapi kabla hujatoa shilingi.

Kitu kingine ambacho vijana wengi hawakioni: kuvuta si sawa na kusogea. Ukivuta, uso na ukuta vinakua pamoja, kama picha inayokuzwa. Ukisogea na kamera, uso unakua haraka kuliko ukuta, na mtazamaji anahisi ameingia chumbani. Kwa mama anayemtambua mwanawe mlangoni, mimi ningesogea.

Fokasi nayo ina gharama. 30mm kwa f/1.4, mtu akiwa mita 1.5, kinachoonekana sawasawa ni kama sentimita 13 tu. Akiinama kupuliza moto, macho yametoka kwenye fokasi. Weka f/2, fanyeni mazoezi ya kila mwendo.

mtu_wa_gimbali:
Naongeza moja. a6400 haina kitulizi cha mtikisiko ndani ya bodi, na hizo Sigma zote mbili hazina. Lenzi yako ya sasa inacho, ndiyo maana mkono ulikuwa unaonekana imara. Tenga hela ya monopodi, ule mguu mmoja wa kushikilia kamera. Na Mwaloni saa sita mchana, kwa shata ya 1/50 (kila fremu inapokea mwanga kwa 1/50 ya sekunde) na ISO 100, hata ukiwa f/4 unahitaji kichujio cha ND, kioo cheusi cha mbele ya lenzi, cha kupunguza mwanga hatua 5 hivi, la sivyo anga linaungua.

mwana_wa_ziwa:
Wakuu, nimerudi. Chumba ni mita 3 kwa 3.2. Nimepiga filamu yote kwa 30mm bila kuvuta, jirani akaja tena, Mungu ambariki. Imekwama sehemu moja tu: mama na mwanawe wote wawili mlangoni, nimegonga ukuta kwa mgongo.

Nimeamua 30mm. Zumu tayari ninayo, hata kama ni dhaifu, na bei ya 30mm ni ndogo, chenji inanunua ND na monopodi.

dada_wa_ukumbini:
Kwa filamu sawa. Kwa harusi bado sikubaliani nawe. Basi nunua taa moja ya kuweka juu ya kamera, na ile 16-50 iwe mkononi tangu wanaingia hadi keki ikatwe. 30mm itoe wakati wa mapambo na maandalizi ya bibi harusi, chumbani, ambako hakuna anayekukimbiza.

mwana_wa_ziwa:
Nimekuelewa dada, nitafanya hivyo. Na lile tukio la mlangoni nalihamishia wakati wa magharibi, nitumie 16mm kwa f/3.5, mwanga wa nje ukiwa bado upo nyuma ya mtoto na kandili limeshawashwa ndani.