Naomba ushauri: Nataka kujitengenezea kabati la kuhifadhia bunduki kwa gharama ndogo bila kukiuka kanuni za Kanada

MGENI WA BARIDI (mwanzisha uzi) aliandika:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Alberta, huu ukiwa mwaka wangu wa saba, na hivi karibuni nimepata leseni ya kumiliki silaha baada ya kupita mafunzo ya usalama yanayotakiwa kisheria. Nimenunua bunduki moja ya kuwindia, ya bolti (kipande cha chuma nyuma ya mtutu kinachovutwa kwa mkono kuingiza risasi), yenye urefu wa sentimita 110, kwa sababu wenzangu kazini huwinda kulungu kila Novemba na kujaza friza zao nyama, nami nimechoka kuwa mtu wa kugawiwa.

Kinachonisumbua ni mahali pa kuihifadhi. Masefu ya dukani yanazidi uwezo wangu, maana nimetenga dola 250 tu. Nyumbani kuna kabati la zamani la nguo, lile la mbao za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, ambalo mke wangu alikuwa tayari kulitupa. Ninafikiria kulipunguza liwe na upana wa sentimita 40, kulitia makufuli mawili na kulifunga ukutani katika chumba cha chini ya nyumba. Tuna watoto wawili, wa miaka tisa na wa miaka minne, na huyu mkubwa hana kitu asichokichokonoa. Je, kanuni zinaniruhusu kujitengenezea, na je, kabati hilo litatosha?

MSOMA VIFUNGU alijibu:

Ndugu Mgeni, hongera kwa kuuliza kabla ya kununua mbao. Kanuni zinazokuhusu ni zile za mwaka 1998 za uhifadhi wa silaha kwa watu binafsi, zenye namba SOR/98-209, na kifungu cha 5 ndicho kinachozungumzia bunduki za aina yako, yaani zile zisizo katika kundi la silaha zenye masharti maalumu. Kwanza, bunduki isiwe na risasi ndani. Pili, utimize walau jambo moja kati ya matatu: uifunge kwa kifaa kinachoizuia isifyatuke, au uitoe bolti yake, au uiweke ndani ya chombo au chumba kilichofungwa kwa kufuli na kilichoundwa kwa namna ambayo hakiwezi kuvunjwa kirahisi. Tatu, risasi zisiwe mahali panapofikika kwa urahisi pamoja na bunduki, isipokuwa kama nazo zimefungiwa ndani ya chombo cha namna hiyo hiyo, ambacho kinaweza kuwa kilekile chenye bunduki.

Utaona kwamba hakuna palipotajwa chapa ya sefu, unene wa chuma, wala sharti kwamba kiwe kimenunuliwa dukani. Kwa hiyo unaruhusiwa kujitengenezea, na hata mbao hazikukatazwa. Hata hivyo, maneno "hakiwezi kuvunjwa kirahisi" ndiyo yatakayosomwa mbele yako siku jambo likiharibika, kwa maana kifungu cha 86 cha Kanuni ya Jinai kinahesabu uhifadhi wa kizembe kuwa kosa, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka miwili kwa kosa la kwanza na mitano kwa yanayofuata.

Bastola ni habari nyingine: zimo katika kundi lenye masharti zaidi, ambako kifaa cha kufungia na chombo vyote viwili vinatakiwa kwa pamoja, au sefu au chumba kilichojengwa mahususi kwa kazi hiyo. Kwa kuwa hukuitaja, sitaiendeleza.

Naongeza jambo moja la haraka. Usisubiri kabati. Usiku wa leo itoe bolti, uiweke mbali na bunduki mahali penye kufuli, na risasi uzitenge. Hapo tayari utakuwa umetimiza kanuni, na kabati utalijenga bila papara.

FUNDI GRENDA alijibu:

Kabati hilo la nguo litupe, shemeji alikuwa sahihi. Nimefanya kazi ya useremala na uchomeleaji kwa miaka mingi, na mbao za unga hazishiki skrubu. Chukua bisibisi pana, iingize kando ya bawaba, kandamiza kwa uzito wa mwili wako, na mlango utakubaki mkononi kabla hujamaliza kuhesabu hadi kumi. Kufuli hata ziwe tano, mwizi haangalii kufuli; anaangalia bawaba.

Ushauri wangu ni chuma. Bati jeusi la kawaida la futi 4 kwa 8 lina sentimita 122 kwa 244. Likate kwa upana, ili kila kipande kiwe na urefu wa sentimita 122, ambao bunduki yako ya 110 inaingia bila shida: vipande viwili vya 50 kwa mgongo na mlango, na viwili vya 30 kwa mbavu. Hapo umetumia sentimita 160 za urefu wa bati, na katika 84 zilizobaki unapata kifuniko cha juu, sakafu, na utepe wa kuzungushia mlango. Ukichukua bati la milimita 3, kabati litakuwa na uzito wa kilo 53 hivi. Ukichukua la milimita 2, ambalo kwa bajeti yako ndilo ninalolipendekeza, ni kilo 35.

Nimesema upana wa 50 na si 40 kwa sababu maalumu. Kuta za nyumba nyingi za huko ni jipsamu iliyopigiliwa juu ya nguzo za mbao, na nguzo hizo kwa kawaida hupishana inchi 16, yaani sentimita 40.6 kutoka katikati hadi katikati. Kabati la 40 litakamata nguzo moja tu. La 50 linakamata mbili, na bado spana inapata nafasi ya kuzunguka ndani. Tumia skrubu nene za kichwa cha bolti za inchi 3/8, mbili juu na mbili chini, zenye washa pana, na ukazie kutoka ndani ya kabati. Sefu nyepesi ambayo haikufungwa ukutani ni begi tu la kumbebea mwizi mzigo wake.

Mlango uzame ndani ya fremu, usikae juu yake, na pengo lisizidi milimita 3 ili mtaimbo usipate pa kuanzia. Upande wa bawaba chomelea, kwa ndani ya mlango, vipande viwili vya engo (chuma chenye umbo la L) vinavyoingia nyuma ya fremu mlango unapofungwa. Mtu akikata bawaba zote kwa grenda, mlango bado hautoki. Unapochomelea bati jembamba usivute mshono mrefu kwa mkupuo mmoja, kwa sababu joto litalipinda kama chapati. Piga mshono wa sentimita mbili, hamia upande wa pili, kisha rudi. Na usitumie mabati yenye zinki, moshi wake unaleta homa.

MKAAZI WA LEICESTER alijibu:

Naomba wasomaji wengine wasiinakili kazi hii bila kuangalia nchi waliyopo. Huku Uingereza polisi huja nyumbani kukagua mahali pa kuhifadhia kabla ya kutoa cheti cha kumiliki bunduki, na kipimo wanachokitaja ni BS 7558 cha mwaka 1992, yaani kiwango cha Uingereza cha makabati ya bunduki. Kabati la kujitengenezea linaweza kukubaliwa likifikia kiwango hicho, lakini ni busara kumuuliza ofisa kabla hujawasha mashine. Ujerumani ndiyo kabisa, kwa kuwa tangu Julai 2017 sefu mpya inapaswa kuwa na cheti cha EN 1143-1, kiwango cha Ulaya cha uimara wa masefu, walau daraja la 0, na cheti hicho hakitoki kwenye gereji ya mtu.

MAMA WATATU alijibu:

Mmezungumzia wezi tangu juu hadi hapa, wakati kaka yetu ametuambia waziwazi kwamba ana mtoto wa miaka tisa. Mtoto huyo hahitaji mtaimbo. Anahitaji kujua ufunguo unakaa wapi, na nawahakikishia anajua. Kwetu ufunguo ulifichwa juu ya kabati la vyombo, ndani ya kikombe kisichotumika, na siku tulipoupoteza, aliyetuonyesha ulipo ni kitinda mimba. Kaka, tumia kufuli la namba, au ufunguo uuvae mwilini.

MGENI WA BARIDI aliandika:

Nawashukuru sana. Bolti nimeitoa usiku uleule. Nina swali la ziada: chumba cha chini kina ukuta wa nje wa zege wenye unyevu kidogo, na jirani yangu mwenye mashine ya kuchomelea anasema bunduki itaota kutu. Je, nibandike zulia ndani?

FUNDI GRENDA alijibu:

Zulia linatunza unyevu kama sifongo, kwa hiyo liweke pale tu kitako na mdomo wa bunduki vinapogusa. Kabati lifunge kwenye ukuta wa ndani wenye nguzo, si kwenye zege la nje, na uliinue juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite chini. Weka vifuko vya kufyonza unyevu, vikaushe kila baada ya miezi michache, na bunduki usiihifadhi ndani ya mfuko wake wa kubebea. Ukitoka nayo kwenye baridi, iache ipate joto la nyumba, ifute maji yanayotokea juu ya chuma, ipake mafuta, ndipo uifungie.

Tena, usijidanganye kwamba umetengeneza sefu ya kuzuia moto. Bati tupu halizuii moto.

MGENI WA BARIDI aliandika, wiki tatu baadaye:

Kazi imekamilika. Jirani alichomelea, mimi nilikata na kupiga msasa, na gharama yote pamoja na rangi imefika dola 231. Mlango ulipinda kidogo kona ya juu, kwa sababu tulifanya haraka pale pale Fundi alipotuonya, ikabidi tukate mshono na kuurudia. Ndani nimechomelea kisanduku kidogo cha risasi chenye kufuli lake. Kabla ya kuingiza bunduki nilimwomba jirani ajaribu kuling'oa kwa mtaimbo, akajitahidi kwa dakika kumi, akaishia kuparua rangi na kuharibu jipsamu yangu.

Kufuli la mlango ni la namba, kama alivyoshauri dada yetu, na namba hizo si tarehe ya kuzaliwa ya mtu yeyote katika nyumba hii. Mwanangu mkubwa alikwisha kujaribu tarehe zetu zote nne, wakati kabati likiwa bado tupu, nami niko ndani ya chumba hichohicho nikitafuta spana.